Shofere na Daraja Lenye Paa

Nikimkumbuka Shofere, kwanza namwona mgongo. Amesimama mbele ya daraja, mikono nyuma, kofia ya sufi imeshuka hadi kwenye nyusi ingawa ni Julai na Texas inaungua, na anatusubiri tushuke. Hasemi fanyeni haraka. Hasemi tafadhali. Gari ameshalizima, na kama kuna mtu amebaki ndani akijifanya amelala, basi siku hiyo hatufiki Houston.

"Batu bashuke," anasema. "Mizigo inabaki."

Jina lake nililijua lakini halikuwahi kunikaa mdomoni. Wakongo wa Lewisville, karibu na Dallas, walimwita Shofere kwa sababu kwao alikuwa dereva wa lori, na sisi Watanzania na Wakenya tuliopanda gari lake tukafuata. Hata mchungaji wake alimtangaza hivyo madhabahuni: Shofere atatusomea neno. Yeye hakulalamika. Nadhani alilipenda kuliko jina lake.

Jumamosi nyingi alikuwa na safari. Anatoka Lewisville asubuhi na gari lake kubwa jeupe, lililowahi kuwa la kanisa fulani na bado lina kivuli cha herufi ubavuni, anapita Euless kuchukua watu, anapita Richardson kunichukua mimi, kisha Houston. Walipanda wenye wagonjwa, wenye harusi, wenye matanga, na wale waliotoka zamu ya ghalani wakiwa hoi wasioweza kushika usukani. Mimi nilipanda kwa woga. Lori liliwahi kuniburuza na gari langu kwenye barabara kuu ya Houston, na ingawa sikuumia sana, tangu siku ile nikibanwa na malori mawili nasahau kupumua. Mama yangu anaishi kwa kaka yangu Houston, ni mtu mzima sana, na haelewi kwa nini mwanawe mwenye gari anamwambia hawezi kuja. Kwa hiyo niliposikia kuna mzee asiyepita barabara kuu kabisa, nilimpigia simu siku hiyohiyo.

Sikujua nilichokuwa najiingiza. Njia zake zilikuwa za ng'ombe. Tulipita barabara nyembamba za mashambani zenye namba tu, seng'enge kushoto na kulia, marobota ya nyasi, vikanisa vya mbao vyenye watu sita, miji yenye mahakama moja na duka moja la maandazi. Safari ambayo wengine waliimaliza asubuhi sisi tuliimaliza alasiri. Na katikati ya safari, chini ya mteremko wenye miti mikubwa, kulikuwa na daraja lile.

Ni daraja la zamani, la mbao tupu, lina kuta na paa kama ghala refu lililotobolewa pande zote mbili. Chini yake kuna kijito cha maji mekundu ambacho wakati wa kiangazi hata kuku angevuka. Pembeni kuna kibao cha historia, na kibao kingine kinachosema gari moja kwa zamu na uzito usizidi kiasi fulani. Gari letu halikuufikia uzito huo hata tungepakia ng'ombe. Wazungu huja hapo na kamera kupiga picha wachumba wao. Hakuna anayeliogopa daraja lile. Watoto wanalipita kwa baiskeli.

Shofere alitushusha hapo kila safari, kwenda na kurudi, mvua au jua. Kule kwao, barabara za Kivu, lori likifika darajani watu wote hushuka kutoka juu ya mizigo, wanavuka kwa miguu, na dereva anavusha lori peke yake. Wakongo ndani ya gari hawakuhitaji kuelezwa. Walishuka wakiongea yao, kama mtu anavyovua viatu mlangoni bila kukatiza hadithi. Sisi wengine ndio tulioleta ubishi.

Mara yangu ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa na viatu vipya vya kumwonyesha mama. Nikamwambia, "Mzee, mimi nitabaki. Likianguka, kosa langu."

Alikaa kwenye usukani, akakunja mikono, akaanza kuimba pambio kwa sauti mbaya kupita zote nilizowahi kusikia. Nje, mama mmoja Mkongo wa Euless aliyeitwa Mama Riziki alisimama chini ya paa la daraja akinitazama, na jicho lake lilisema mengi. Nilishuka. Viatu vikaloa hadi soksi. Shofere akawasha gari, akawasha na taa zote, akalivusha taratibu kana kwamba amebeba mayai, na upande wa pili akatufungulia mlango mwenyewe, mmoja mmoja, kama wageni wake.

"Aksanti, Mutanzania," akaniambia. Hilo likawa jina langu.

Siku moja tulikuta bibi harusi. Amevaa gauni lake, mpiga picha amempanga katikati ya daraja, jua linaingia kwenye mbao vizuri. Tukatokea sisi: akina mama wa vitenge wakiongozana, Mkenya mmoja fundi wa ndege aliyekuwa ametoka zamu na bado ana fulana ya kung'aa, mimi, kisha nyuma yetu gari tupu linatambaa na taa zinawaka. Mpiga picha alivua kofia. Akamuuliza Mama Riziki kwa sauti ya chini kama tumefiwa. Mama Riziki akamjibu kwamba hapana, ni Jumamosi tu. Tulicheka hadi Houston, na Shofere peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiria lile gauni refu, kwamba lingeweza kunaswa kwenye misumari.

Alikuwa na kipande cha mti mgumu, kimechongwa kama kabari, cheusi kwa mafuta. Kila aliposimama alishuka akakisukuma nyuma ya gurudumu. Kule kwao wenye lori hufanya hivyo milimani. Yeye alikiweka kwenye maegesho ya duka la vyakula Lewisville, mahali tambarare kama meza, ambapo hata chungwa ukiliweka haliendi popote. Fundi wa ndege alimtania mpaka akachoka.

"Mzee, hii gari ina hand brake, ina gear ya park, na hapa ni flat. Inaenda wapi sasa?"

"Haijaenda," Shofere akasema. "Unaona?"

Na watu hakuongea nao sana. Na ng'ombe aliongea. Akiwaona wamesimama juani alipunguza mwendo akateremsha kioo, akawauliza mwenye kuwachunga yuko wapi. Alibishana na yule mwanamke wa kwenye simu anayeelekeza njia. Fundi wa ndege aliwasha simu yake makusudi, yule mama akasema geuka kushoto uingie barabara kuu, na Shofere akamrukia: "Wewe mama unajua nini? Haujakanyaga hata chini!" Mzee wa kanisa huyu, msoma neno, lakini gari dogo likimkata mbele alitoa matusi ya Kifaransa yaliyowafanya akina mama wajifanye wanatafuta kitu kwenye mikoba. Kisha akasema, "Mungu anisamehe," na baada ya kilomita chache akarudia yaleyale.

Siku za kazi aliendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Kijana mmoja aliyefanya naye kazi alinihadithia kwamba kule ghalani mzee alikuwa moto wa kuotea mbali. Alikata kona kwenye gurudumu moja, akapandisha mizigo hadi dari huku anapiga mluzi. Sikuamini. Nikamuuliza.

"Ile inabeba makartoni," alinijibu. "Kartoni haina mama yake."

Kwa muda mrefu nilidhani daraja limewahi kumfanya kitu. Sote tulidhani hivyo. Tulijenga hadithi nzima nyuma ya mgongo wake: lori liliangukia mtoni, watu wakafa, labda na mkewe, ndiyo maana. Mama Riziki alikuwa na uhakika hadi jina la mto. Basi siku moja tulikuwa wawili tu mbele, wengine wamelala, nikamwambia pole kwa yaliyomkuta kule.

"Yapi?"

"Lile daraja lililoanguka."

Alinitazama kama aliyesikia neno la Kichina. "Daraja gani? Kwangu haikuanguka hata moja. Miaka yote ile, hata moja." Akapita mji mdogo mzima. Kisha akasema, "Ni sababu batu balishuka."

Nilikaa na jibu hilo wiki nzima. Nilikuwa nimemtafutia msiba ili nimwelewe, na mtu mwenyewe hakuwa na msiba wowote. Alikuwa tu mtu aliyeona kwamba kujihadhari kunafaa, akaendelea.

Sasa niseme jambo lililonishinda kwake, na linanishinda hadi leo. Mtu huyu hakuamini mbao, chuma, tairi, breki wala mvua, lakini alimwamini kila aliyekaa nyuma ya meza. Kwenye ofisi alikuwa mtoto. Akiitwa saa nne, saa mbili yuko mlangoni, kanyoa ndevu, kavaa koti la Jumapili. Alipoambiwa na wenye nyumba pale Lewisville kwamba mafundi watapita kukagua vile ving'ora vya moshi, aliwapanga wanawe nje ya mlango kwa urefu, viatu vimepigwa rangi, na mafundi walipofika wakawapita wakaingia jikoni. Walishangaa kukuta familia nzima imesimama inasubiri kutazamwa.

Mambo haya aliyatoa kambini. Alikaa kambi ya wakimbizi ya Kigoma miaka mingi, mkewe alizikwa kule, wanawe walizaliwa kule. Siku ya kuhesabiwa watu walitoka alfajiri wakakaa uwanjani hadi jua lizame, na asiyekuwepo alipoitwa alikosa unga, yeye na watoto wake, mpaka hesabu nyingine. Alinieleza hilo bila uchungu. "Kwenu balituhesabu vizuri," aliniambia, kama mtu anayenisifia nyumba ya wazazi wangu. Mimi nimezaliwa Tanga, sijawahi kufika Kigoma. Niliona aibu, nikamuuliza kama anataka karanga.

Kitinda mimba wake aliitwa Faustin. Aliletwa Texas akiwa mdogo, na alipokuwa mtu mzima alifanya kazi kwenye duka la matairi, akaongea Kiingereza cha hapahapa cha kuvuta maneno. Baba anamwambia jambo kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, na walielewana bila taabu. Alitusindikiza safari kadhaa. Darajani alikuwa wa mwisho kushuka.

"Papa, it's for pictures," alimwambia. "Nobody's ever died here."

"Ni vizuri," baba akajibu. "Shuka."

Na alishuka. Alivuka mikono mfukoni, katikati ya daraja akaruka mara mbili kwa kishindo, kumkera mzee, kisha akageuka akatucheka. Alikuwa na pengo mbele. Mzee aliuma meno, na mimi niliona kwamba anazuia kicheko.

Faustin alikuwa na kesi ya zamani ya kupigana nje ya baa. Alikuwa ameshaimaliza, kalipa alichotakiwa kulipa, miaka imepita. Kwa kesi hiyo, kila mwaka aliitwa kwenye ofisi moja ya mambo ya wageni kule Dallas, anajionyesha, anaambiwa nenda. Mwito wa mwaka huo ulipokuja, kila mtu alikuwa na hofu, kwa sababu tulishasikia ya watu walioingia kwenye ofisi za namna hiyo wakatoka na pingu kwa mlango wa nyuma. Fundi wa ndege alimsihi ndani ya gari, mbele yetu sote.

"Mzee, please, usimpeleke kabla hamja-talk na lawyer. Ngoja kwanza. Hata wiki moja tu."

"Banamuita," Shofere akasema.

"Najua wanamwita. Ndio nakwambia."

"Mutu akiitwa anaenda. Anayekimbia kuhesabiwa iko na kitu ya kuficha. Mutoto yangu hana kitu."

Mama Riziki alisema kitu kwa lugha yao. Mzee alitikisa kichwa. Mimi sikusema chochote, na hakuna ambacho kingebadilika, kwa maana nilimwona uso. Ulikuwa uso uleule wa darajani.

Alimpeleka mwenyewe, mapema kupita wote. Aliweka kabari nyuma ya gurudumu kwenye maegesho akakaa kusubiri. Faustin aliingia na mkebe wa soda mkononi, akamwambia baba yake amwachie kile kiti cha mbele asije akakiwekea mizigo. Mzee alisubiri. Watu walitoka, wakaingia wengine, magari yote yakaisha. Jioni mlinzi alikuja kumgongea kioo akamwambia wanafunga, na kama anamngoja mtu, huyo mtu hayupo tena humu.

Walimpeleka kwenye jengo moja la kushikilia watu, kaskazini ya Houston. Tangu hapo safari zetu zikabadilika sura. Wenye harusi walipungua, wakaongezeka wanawake wenye waume ndani ya jengo lile. Walipanda kimya, wameshika vitambulisho mkononi tangu Lewisville kana kwamba wangeulizwa barabarani. Darajani walishuka kimya vilevile. Hakuna aliyebisha tena. Niliwatazama wakivuka ndani ya kile kiza cha mbao na nikaona kwamba kwao ilikuwa nafuu, kuambiwa jambo la kufanya na kulifanya, na kufika upande wa pili.

Yeye mwenyewe aliendelea kuvaa koti la Jumapili. Aliwasalimia walinzi, akawauliza hali ya watoto wao, akawashukuru aliporudishiwa funguo. Hilo liliniudhi sana. Siku moja nilishindwa kujizuia.

"Mzee, unawashukuru nini? Wamekuchukulia mtoto!"

"Huyu wa mlangoni hakumuchukua," alisema. "Iko kwenye kazi yake. Kama nitamukasirikia, atamuona Faustin na hasira."

Niliona bado anavusha gari taratibu, hata pale.

Kisha akapigiwa simu. Faustin anarudishwa. Nasema kurudishwa kwa kuwa ndivyo wanavyosema, lakini Kongo kijana yule hakuwahi kuikanyaga. Alizaliwa kambini, upande wetu. Familia iliruhusiwa kuleta sanduku moja, lifike kabla ya saa sita mchana Alhamisi, na huenda, walisema huenda, baba angemwona kupitia kioo.

Alikuja kwangu Richardson jioni iliyotangulia, akaniwekea funguo za gari mkononi. "Mikono inakatala," akasema. Akainyoosha nione. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati Wakongo wenzake wanaoendesha hadi malori wamejaa.

"Wewe unajua njia," akasema. "Benyewe batapita barabara kubwa."

Niliomba ruhusa kazini na tukatoka saa tisa usiku. Nilimwambia leo nitajikaza, tupite barabara kuu tufike haraka. Alisema muda upo, na kweli ulikuwepo, alikuwa amepiga hesabu yake na kuongeza ya akiba. Sanduku lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, amelifunga mkanda. Lilikuwa la bluu, jipya. Njiani aliniambia alichoweka: suruali, fulana za kazi za duka la matairi kwa kuwa ni ngumu, viatu vya mvua, dawa ya meno, na sweta la mkewe marehemu, kwa sababu hakujua Faustin atalala wapi. Aliniuliza kama Kinshasa kuna baridi. Mimi nitajuaje Kinshasa? Yeye mwenyewe hakuijua. Alitoka upande mwingine kabisa wa nchi, mbali kuliko Tanga na Mwanza, na huko walikokuwa wanampeleka mwanawe hakuwa na hata mtu wa kumwomba maji.

Tulifika darajani jua limechomoza. Nikasimama, nikazima. Nilisubiri aseme neno lake, hakulisema, basi nikashuka mwenyewe kuweka kabari. Nilipoinuka nikamwona amefungua mlango wa nyuma. Anafungua mkanda wa lile sanduku.

"Mzee, si mizigo inabaki?"

"Hii haibaki," alisema.

Alilikumbatia kifuani, hakulishika kwa mpini wala hakulivuta kwa magurudumu yake, akaingia nalo darajani. Alipita katikati kabisa, pale alipozoea kuruka Faustin. Niliondoa kabari, nikaingia garini nikalivusha nyuma yake taratibu na taa zinawaka, kama alivyotufundisha, na machozi yananitoka hadi sioni ukuta wa kushoto. Upande wa pili alinisubiri. Akalirudisha kitini, akalifunga mkanda.

Tulifika mapema. Hilo nataka lijulikane, kwamba tulifika mapema, hata saa nne haijatimia. Kulikuwa na binti dirishani, mdogo, mpole, kucha zake za rangi ya maji ya bahari. Alitazama kwenye kompyuta yake muda mrefu. Akatuambia kwamba kundi lile liliondolewa alfajiri. Ratiba ilibadilika. Alisema samahani, na nadhani ilimtoka moyoni. Nilimwuliza kuhusu sanduku. Alisema hawawezi kulipokea, kwa kuwa mwenyewe hayupo.

Nilitaka kupiga kelele. Nilishaanza, nilisema kwamba mlisema saa sita, sasa ni saa nne, mnasemaje watu waje na hamngoji? Shofere alinishika kiwiko. Akavua kofia yake ya sufi, na ndiyo mara pekee niliyoona kichwa chake, kidogo, cheupe chote. Akamwambia yule binti kwa Kiingereza chake cha shida, thank you. Akasubiri kidogo, kama mtu anayedhani bado ataitwa. Kisha akachukua sanduku.

Tukaanza safari ya kurudi. Ng'ombe walikuwa wamesimama juani na hakuwatazama. Nilimnunulia chai kwenye kituo cha mafuta, ikapoa mkononi mwake, nikaimwaga. Nilimwambia Faustin atapiga simu, kwamba ni kijana mwenye akili na mikono, matairi yako kila mahali. Nilisikia ninavyosema na nikaacha.

Tulifika kwenye mteremko, nikaona lile paa kati ya miti. Nikasimama pale tunaposimama siku zote, nikazima gari. Nikashuka nikaweka kabari. Nikaenda upande wake nikamfungulia mlango, kama alivyotufungulia sisi.

"Mzee, tushuke."

Alikuwa anatazama mbele.

"Batu bashuke," nikasema. Nilidhani neno lake mwenyewe litamwinua. "Mizigo inabaki."

Nyuma yetu gari dogo lilikuja likasimama. Mzungu mmoja mzee na mkewe, kamera shingoni. Hawakupiga honi. Walingoja.

"Vuka tu, Mutanzania," alisema Shofere. "Hamuna mutu humu ndani."

Nilisimama na mlango mkononi. Nilikuwa nimevuka daraja lile kwa miguu miaka na miaka, nikiloa, nikinung'unika, nikicheka, na sikuwahi kuliogopa. Siku ile niliogopa. Nilimngoja. Hakusogea. Nikafunga mlango polepole, nikaondoa kabari, nikarudi kwenye usukani, nikawasha taa.

Nilivuka naye ndani, yeye mbele na sanduku nyuma. Mbao zililia chini yetu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kwa kuwa siku zote nilikuwa nje. Alifumba macho. Mimi niliushika usukani kwa mikono yote miwili hadi tulipotoka juani upande wa pili.

Daraja halikuanguka.